Mtu wa Peking na babu wa Wachina: jibu kwa mwalimu wa historia

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja mkoani Singida. Juzi nilikuwa nafundisha chimbuko la binadamu, mwanafunzi akasimama akasema amesoma mtandaoni kwamba Wachina hawakutoka Afrika, wana babu yao aitwaye Mtu wa Peking, na kwamba mafuvu mapya yaliyopatikana huko yameifuta habari ya Oldupai. Darasa zima likanigeukia. Nikawaambia nitarudi na jibu. Je, kuna ukweli wowote? Na hayo mafuvu ya Uchina yanatufundisha nini hasa?"

Marahaba, Mwalimu. Jibu fupi la kumpelekea ni hili: Wachina wa leo asili yao ni Afrika kama yangu na yako, na Mtu wa Peking si babu yao wa moja kwa moja. Ila usimfunge mdomo huyo kijana. Ameshika jambo la kweli, akateleza mwishoni. Mifupa ya Uchina imetulazimisha kuiacha ile picha ya kitabuni ambamo sokwe anainuka, anafuatiwa na zamadamu, anafuatiwa na mtu aliyenyooka mgongo, kana kwamba kila mmoja alimzaa aliye mbele yake.

Nianze na huyo Mtu wa Peking mwenyewe.

Katika maduka ya dawa za asili ya Uchina kulikuwa na kitu kikiuzwa kwa jina la mifupa ya joka. Ilisagwa, ikanywewa kwa maradhi mbalimbali. Kumbe vilikuwa visukuku, mifupa na meno ya wanyama wa kale yaliyokwisha kugeuka jiwe. Wanasayansi walipoanza kuulizia bidhaa hiyo inachimbwa wapi, njia mojawapo iliwafikisha Zhoukoudian, kilomita 50 hivi kusini-magharibi mwa Beijing, kwenye kilima ambacho wenyeji walikuwa wakikiita Kilima cha Mifupa ya Joka. Mjiolojia kutoka Sweden, Johan Gunnar Andersson, alianzisha uchimbaji hapo mwaka 1921. Yakapatikana meno mawili yaliyofanana na ya mtu. Mwaka 1927 Davidson Black, Mkanada aliyekuwa akifundisha anatomia Beijing, akatangaza jina jipya, Sinanthropus pekinensis, yaani mtu wa Uchina wa kule Peking, jina la zamani la Beijing. Ushahidi aliouegemea ulikuwa jino jingine moja tu. Watu walimshangaa, na mimi nisingewalaumu. Lakini tarehe 2 Desemba 1929, jua likielekea kuzama, kijana wa miaka 25 aitwaye Pei Wenzhong alikuwa ndani ya ufa mwembamba wa pango akimulika kwa mshumaa, akaliona bamba la fuvu limenasa kwenye udongo mgumu. Hapo ubishi wa jino ukaisha.

Mezani kwangu nina nakala ya plasta ya mojawapo ya mafuvu ya Zhoukoudian. Huwapa wanafunzi wangu waishike wakiwa wamefumba macho. Kidole gumba kikipita juu ya matundu ya macho kinakutana na tuta la mfupa linalotoka upande mmoja wa uso hadi mwingine bila kukatika, kama ukingo wa kofia. Nyuma ya tuta kuna bonde dogo, kisha paji la uso badala ya kupanda linalala kuelekea nyuma. Ukifika kisogoni mfupa unajikunja ghafla, unaweka pembe ambayo kichwa chako wewe hakina. Upana mkubwa wa fuvu uko chini, karibu na masikio, wakati wetu uko juu. Na mfupa wenyewe ni mnene, mahali pengine unakaribia sentimita moja. Ubongo uliokaa humo ulikuwa na ujazo wa sentimita 1,000 za ujazo na ushei. Wa kwetu kwa wastani unakaribia 1,350.

Hizo nakala zina thamani kuliko zinavyoonekana. Hadi vita vilipokatiza uchimbaji mwaka 1937, Zhoukoudian ilikuwa imetoa mabaki ya watu wapatao 40. Desemba 1941 mifupa ile ikafungwa makashani ipelekwe Marekani kwa usalama, vita vya Pasifiki vikalipuka, na haijaonekana tena hadi leo. Zilizobaki ni nakala pamoja na maelezo ya kina ya Franz Weidenreich, mwanaanatomia Mjerumani aliyeshika kazi baada ya Black kufariki mwaka 1934. Ujue kazi yake ilivyokuwa makini: mwaka 1966 uchimbaji uliporudiwa palepale, vilipatikana vipande viwili vya fuvu. Vilipooanishwa na nakala za vipande vya miaka ya 1930, vikashikana. Ni fuvu lilelile. Kila nikiikumbuka habari hiyo huwa nasisimka.

Sasa huyu alikuwa nani? Kwa umbo lake ni Homo erectus, jamii ileile ya yule kijana wa Turkana ambaye Kamoya Kimeu, mchimbaji hodari wa Kenya, aliiona mifupa yake magharibi mwa ziwa mwaka 1984. Kijana wa Turkana aliishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Mtu wa Peking, kwa vipimo vilivyotolewa mwaka 2009, aliishi miaka 770,000 hivi iliyopita. Mifupa ya kale zaidi ya Homo erectus inatoka Afrika. Walitoka huku, wakatembea kizazi baada ya kizazi, wakafika hadi kwenye baridi ya kaskazini mwa Uchina.

Na walifika mapema mno. Hapa ndipo mwanafunzi wako ana haki ya kushangaa. Katika wilaya ya Lantian, mkoa wa Shaanxi, kuna fuvu la Gongwangling lililopatikana mwaka 1964. Mwaka 2015 umri wake ulipimwa upya, ukatoka miaka milioni 1.63. Karibu na hapo, pahali paitwapo Shangchen, timu ya Zhu Zhaoyu ilitangaza mwaka 2018 kwamba imepata zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 2.1. Ni zana tu, hakuna hata mfupa mmoja wa aliyezitengeneza.

Pengine utaulizwa darasani: jiwe linajulikanaje umri wake? Swali zuri. Nchi ile imefunikwa na vumbi laini la rangi ya manjano lililoletwa na upepo kwa mamilioni ya miaka, tabaka juu ya tabaka. Ndani ya vumbi kuna chembe za madini ya chuma ambazo zilipokuwa zikitua zilijipanga kufuata usumaku wa dunia, kama sindano ya dira. Usumaku huo umewahi kugeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini, na mara ya mwisho ilikuwa miaka 780,000 hivi iliyopita. Mgeuko mmoja mmoja umeshajulikana umri wake kutokana na miamba ya volkano. Kwa hiyo mtaalamu anahesabu migeuko kutoka juu kwenda chini mpaka afike kwenye tabaka la zana. Kuna jambo jingine ninalolipenda kuhusu Shangchen: upepo haubebi jiwe la ukubwa wa ngumi. Katika vumbi safi namna ile, kila jiwe lenye kingo zilizobanduliwa lina swali lake: nani alilileta?

Basi, mtu anaposikia miaka milioni mbili Uchina, ni rahisi kuruka hadi kwenye hitimisho kwamba waliokuwa pale ndio waliozaa waliopo. Wazo hilo lilishikwa na watu wazito. Weidenreich aliliona mapema. Mwaka 1984 Wu Xinzhi wa Uchina, pamoja na Milford Wolpoff wa Marekani na Alan Thorne wa Australia, walilipanga kuwa nadharia kamili: kwamba Homo erectus wa kila bara aligeuka taratibu kuwa mtu wa leo wa bara hilo, huku mabara yakibadilishana damu kwa kuoana. Hawakuwa wakipiga porojo. Walikuwa na mifupa mikononi, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa ya meno.

Waambie wanafunzi wapitishe ulimi nyuma ya meno yao ya mbele ya juu. Wengi watagusa uso laini. Wachina, Wajapani na wenyeji wa asili wa Amerika walio wengi wangekuta kibonde katikati na kingo mbili pembeni, jino limekaa kama beleshi. Mtu wa Peking naye alikuwa na meno ya beleshi. Je, si urithi huo? Ilionekana hivyo kwa muda mrefu. Lakini jino la namna hiyo lilikuwapo pia kwa Neandertali, watu wa kale wa Ulaya, hivyo peke yake haliwezi kuwa hati ya ukoo wa Kichina. Kisha ikaja habari ya jeni iitwayo EDAR. Badiliko moja dogo katika jeni hiyo, ambalo leo wanalo watu wengi wa Asia ya Mashariki, linaambatana na nywele nene, tezi nyingi za jasho na meno ya beleshi. Utafiti wa mwaka 2013 uliliweka badiliko hilo kwenye miaka 30,000 na zaidi hivi iliyopita. Mtu wa Peking alikuwa amekwisha kutoweka mamia ya maelfu ya miaka kabla. Sura ya jino ni ileile, aliyeirithisha ni mwingine.

Ushahidi uliomaliza maneno, kwangu mimi, ni wa vinasaba. Mwaka 2001 ulichapishwa uchunguzi wa wanaume zaidi ya 12,000 kutoka makundi 163 ya Asia, wakiwamo Wachina wengi. Kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume, ilibeba kwa kila mmoja wao alama iliyoanzia Afrika. Hakupatikana hata mmoja mwenye ukoo wa baba wa kale zaidi ya huo.

Halafu kuna pango la Tianyuan. Liko kilomita chache tu kutoka Zhoukoudian, unaweza kutembea kwa mguu asubuhi ukafika kabla ya chakula cha mchana. Mwaka 2001 kulipatikana mifupa ya mtu aliyeishi miaka 40,000 hivi iliyopita. Mwanasayansi Fu Qiaomei na wenzake walifanikiwa kutoa vinasaba vyake, matokeo yakatoka mwaka 2013. Mtu huyo ni jamaa wa watu wa Asia ya Mashariki wa leo na wa wenyeji wa Amerika, na ukoo wake ni ule uliotoka Afrika ndani ya miaka 100,000 hii ya mwisho. Fikiria vilima vilevile: mpangaji mmoja alikaa miaka 770,000 iliyopita, mwingine akaingia miaka 40,000 iliyopita. Kupanga nyumba moja kwa nyakati tofauti hakuwafanyi watu kuwa baba na mtoto.

Lakini katikati hapo nyumba haikuwa tupu, Mwalimu, na huko ndiko Uchina imetupa habari kubwa kuliko zote katika miaka hii. Kati ya Mtu wa Peking na mtu wa Tianyuan wapo watu ambao kwa muda mrefu hatukujua tuwaweke wapi. Fuvu la Dali la mwaka 1978, la Jinniushan la mwaka 1984, la Hualongdong lililopatikana mwaka 2015: yote yana umri wa karibu miaka 300,000 au pungufu kidogo, yana ubongo mkubwa, nyuso zao zimeanza kufanana na zetu, lakini matuta ya nyusi bado mazito. Si Homo erectus, si sisi.

Kisha likaja la Harbin. Inasimuliwa kwamba mwaka 1933, Wajapani wakiwa wameikalia Manchuria, kaskazini-mashariki mwa Uchina, kibarua mmoja aliyekuwa kwenye ujenzi wa daraja la mto Songhua aliliokota fuvu kubwa. Hakutaka liangukie mikononi mwa wakubwa wake wa Kijapani. Akalifunga, akalificha kwenye kisima kilichoachwa, akakaa nalo kimya maisha yake yote. Alipokaribia kufa ndipo alipowaambia wa kwake. Familia ikalitoa, mwaka 2018 likafika chuo kikuu cha Hebei GEO, na mwaka 2021 likatangazwa kwa jina la Homo longi, mtu wa joka. Ni fuvu zima isipokuwa taya la chini, umri wake haupungui miaka 146,000, na ubongo wake ulifikia ujazo wa 1,420 hivi, mkubwa kuliko wastani wetu.

Kujua ni nani kulihitaji vinasaba, na mfupa ulikataa kutoa. Lilikuwa limebaki jino moja tu kinywani mwake, gego la juu. Fu Qiaomei na timu yake walijaribu mfupa wa ndani ya sikio, ambao huwa ndio tegemeo, wakatoka mikono mitupu. Wakajaribu jino, hali ikawa ileile. Hatimaye wakakwangua ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye jino ambalo halikusuguliwa, chini ya miligramu moja. Ndani ya ugaga ule kulikuwa na vinasaba vya mwenye jino. Mwaka 2025 wakatoa jibu, likathibitishwa na protini zilizotolewa kwenye mfupa wenyewe: mtu wa Harbin ni Mdenisova.

Wadenisova tuliwajua kwa jina kabla ya kuwajua kwa sura. Mwaka 2010 timu ya Svante Pääbo, iliyokuwa Leipzig, ilisoma vinasaba vya kipande cha mfupa wa kidole cha msichana kutoka pango la Denisova, Siberia, ikakuta watu ambao hawakuwa Neandertali wala sisi. Miaka mingi ikapita tukiwa na vinasaba vyao na vipande vichache vya mifupa tu. Mwaka 2019 ikaja nusu ya taya kutoka Xiahe, pembezoni mwa nyanda za juu za Tibet, mita 3,280 juu ya usawa wa bahari. Mtawa wa Kibudha alikuwa ameliokota pangoni mwaka 1980. Protini zake zikasema Mdenisova, na ganda la chokaa lililolifunika likasema miaka isiyopungua 160,000. Na sasa, kwa fuvu la kisimani, tumeuona uso.

Kwa nini hili linamhusu mwanafunzi wako? Kwa sababu babu zetu waliotoka Afrika walipofika Asia waliwakuta Wadenisova, wakazaa nao. Wapapua wa leo, wenyeji wa kisiwa cha New Guinea, wana asilimia kati ya 3 na 5 ya vinasaba kutoka kwao. Wachina wana kidogo sana, chini ya asilimia moja. Lakini kidogo hicho kina kazi: Watibeti wana namna ya jeni EPAS1 inayozuia damu isizidi kuwa nzito kwenye hewa hafifu ya milimani, na mwaka 2014 ilibainika kwamba asili yake ni kwa Wadenisova. Wageni walipewa na wenyeji kitu cha kuwawezesha kuishi.

Ndiyo maana nilisema Mtu wa Peking si babu wa moja kwa moja, nikayachagua maneno. Vinasaba vya Wadenisova vyenyewe vina chembe ya watu wa kale zaidi waliotengana nasi zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Kama watu hao walikuwa Homo erectus wa Asia, kama baadhi ya wataalamu wanavyokisia, basi tone la damu ya jamaa za Mtu wa Peking huenda lilipita kwa Wadenisova likawafikia watu wa leo. Tone, si mto.

Kuna fuvu jingine ambalo kijana atakuwa amelisoma. Ni la Yunxian, mkoa wa Hubei, lenye miaka milioni moja hivi, lililosagwa na uzito wa udongo kisha likanyooshwa kwa kompyuta. Mwaka 2025 watafiti, akiwamo Chris Stringer wa London, walisema linakaa kwenye tawi la mtu wa Harbin, na kwamba ukoo wetu uliachana na tawi hilo zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Baadhi ya vichwa vya habari vikageuza hapo kuwa "binadamu hakutoka Afrika". Watafiti wenyewe hawakuthibitisha hivyo. Mimi naona ni mapema: fuvu lililopondeka lina nafasi nyingi za kukosewa, na vinasaba vinaweka kutengana huko baadaye zaidi. Hata likithibitika, linahusu mababu wa mababu. Watu wa leo wa Beijing bado watakuwa wa ukoo wa Tianyuan. Vivyo hivyo kwa meno 47 ya pango la Fuyan, yaliyotangazwa mwaka 2015 kuwa ya watu kama sisi wa miaka 80,000 na zaidi. Mwaka 2021 vipimo vipya vilionyesha kwamba baadhi ya meno ya pango hilo ni ya juzijuzi, ya miaka elfu chache tu.

Ninalo ombi moja kwako, Mwalimu, kabla hujarudi darasani. Usimsahihishe mtoto kuhusu Peking huku darasa likiendelea kukosea kosa lilelile kuhusu Oldupai. Fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey Julai 1959, ambalo lipo Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, wengi tumefundishwa kama ndiye babu yetu wa kwanza. Siye. Magego yake makubwa mno na taya la kusaga ni vya tawi la pembeni, Paranthropus boisei, lililokufa bila kuacha mjukuu. Aliyekaribiana na ukoo wetu ni Homo habilis, ambaye mifupa yake ilianza kupatikana palepale Oldupai mwaka 1960, na waliishi pamoja katika nchi moja. Hata majina ya wale wawili yalitungwa kwa mtindo mmoja: Sinanthropus, mtu wa Uchina; Zinjanthropus, mtu wa Zinj, jina la kale la pwani yetu. Kila nchi ilipewa mtu wake, na kila nchi ikamkumbatia.

Ukirudi, chora ubaoni majina mawili kwa kila nchi: Zinj na habilis upande mmoja, Mtu wa Peking na mtu wa Tianyuan upande wa pili. Kisha muulize yule kijana ni yupi kati ya hao wanne ana wajukuu walio hai leo, na tungejuaje. Mpe muda wa kutosha wa kujibu.